Habari ya Kanisa ina mlango wake: mwongozo kwa katibu wa jumuiya na kila anayebeba matangazo

Ujumbe uliingia kwenye grupu la jumuiya yetu alfajiri, hata adhana na kengele hazijasikika: "Hatimaye jimbo letu limepata askofu mpya! Baba Mtakatifu amemteua leo. Tumshukuru Mungu." Chini yake picha ya padre tunayemfahamu wote. Kufikia saa moja asubuhi pongezi zilikuwa zimefurika, mikono ya sala haihesabiki, na mama mmoja alikwisha kuuliza kitenge cha sare kitakuwa rangi gani. Simu zikaanza kunijia mimi, kwa kuwa ndiye katibu.

"Tumsifu Yesu Kristo, katibu. Ni kweli haya?"

"Milele amina, mama. Sijaona popote. Ila saa hizi Roma bado wamelala."

Haikuwa kweli. Padre mwenyewe alipoambiwa alicheka, kisha akaacha kucheka, maana wapo waliokwisha kumpigia simu na kumwita Baba Askofu. Alikaa wiki nzima akijieleza kwa jambo ambalo hakulitenda.

Tangu siku ile nina utaratibu, na makatibu wenzangu wa kanda wameniomba niuandike. Kiini chake ni kwamba kila habari ya Kanisa ina ofisi inayoitoa na karatasi inayoibeba. Ukiijua ofisi umeshafika nusu ya njia. Ukiishika karatasi umefika.

Hatua ya kwanza: jiulize ni nani mwenye kuitoa

Sisi Wakatoliki wa Tanzania ngazi zetu tunazitaja kwa pumzi moja: jumuiya, kanda, kigango, parokia, dekania, jimbo. Juu ya jimbo wengi wanaweka TEC, yaani Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, halafu Roma, kana kwamba ni serikali inayopanda kutoka kijiji hadi taifa. Makosa mengi huanzia hapo. Baraza hilo, ambalo sekretarieti yake iko Kurasini, Dar es Salaam, si mkubwa wa kazi wa askofu wa jimbo. Ni maaskofu wenyewe wameketi pamoja kwa mambo yanayowahusu wote. Askofu wa jimbo anawajibika kwa Papa bila kupitia kwa mtu. Hata askofu mkuu hana mamlaka ya kuingia jimbo la jirani na kupanga watu. Tunayo majimbo makuu saba, yaani Arusha, Dar es Salaam, Dodoma, Mbeya, Mwanza, Songea na Tabora, lakini Askofu Mkuu wa Mwanza hamhamishi paroko wa Bukoba.

Sasa igeuze hiyo iwe kazi ya katibu. Ukisikia paroko wenu anahamishwa, mlango ni ofisi ya askofu wa jimbo lenu, na kinachotoka humo ni barua ya uteuzi au ya uhamisho. Mtu akikwambia "nimesikia kutoka TEC" kuhusu uhamisho wa paroko, unajua hapohapo kwamba hajasikia popote. Ukisikia kuna askofu mpya au jimbo jipya, kama lilivyoundwa Jimbo la Bagamoyo Machi 2025, mlango ni Roma. Ukisikia tamko kuhusu mambo ya nchi, mlango ni TEC, kama lile la Agosti 2023 kuhusu mkataba wa bandari ambalo lilisomwa makanisani. Ujumbe wa Kwaresima wa kila mwaka nao ni wa TEC. Saa za Misa, siku ya mafundisho, usafi wa kanisa: paroko. Ada ya rambirambi katika jumuiya: mwenyekiti wako, na usimsumbue paroko kwa hilo.

Kuna mtego mmoja ninaouona karibu kila mwezi. Gazeti au ukurasa fulani unaandika "Maaskofu wacharuka" na watu wanaanza kutupongeza au kututukana sisi. Maaskofu gani? Nchi hii ina maaskofu wa Kilutheri, wa Kianglikana, wa Moravian, na wa makanisa ya Kipentekoste yasiyo na idadi. Jumuiya ya Kikristo Tanzania, CCT, si TEC, ni umoja wa makanisa ya Kiprotestanti. Kabla ya kusambaza, soma hadi uone jina la askofu na jimbo lake. Kama jina halipo, acha.

Hatua ya pili: tazama saa

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji kumpigia mtu simu.

Uteuzi wa maaskofu hutangazwa na Ofisi ya Habari ya Vatican katika taarifa ya kila siku, kwa kawaida saa sita kamili mchana kwa saa za Roma. Kwetu hiyo ni saa saba mchana wakati Ulaya wako kwenye saa za kiangazi, na saa nane mchana wakiwa kwenye saa za baridi. Wanabadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo ukikumbuka tarehe hizo mbili hutapotea. Taarifa yenyewe ina sehemu yenye kichwa cha Kiitaliano, *Rinunce e nomine*, yaani waliojiuzulu na walioteuliwa. Huhitaji kujua Kiitaliano. Tafuta jina la jimbo na neno Tanzania. Likiwemo, limo. Lisipokuwemo, hakuna askofu mpya hata kama watu mia wamekwisha kupongeza.

Wakati huohuo habari hutolewa pia hapa nchini, na ndani ya muda mfupi utaiona kwa Kiswahili. Kwa hiyo subira inayotakiwa ni ya masaa tu. Anayekuletea uteuzi usiomo kwenye taarifa hiyo, iwe saa kumi na moja alfajiri au saa tatu usiku, anakuletea uvumi, hata kama uvumi huo utakuja kuwa kweli wiki ijayo. Wapo wanaojigamba kwamba "walijua mapema". Sijawahi kuona faida ya kujua mapema jambo ambalo mwenye nalo hajalisema.

Saa husaidia pia kwenye habari nzito. Papa Fransisko alipolazwa hospitali ya Gemelli tarehe 14 Februari 2025, grupu zetu zilimzika mara kadhaa akiwa hai. Alirudi nyumbani Vatican tarehe 23 Machi. Alipofariki kweli, Jumatatu ya Pasaka tarehe 21 Aprili, ilikuwa saa moja na dakika 35 asubuhi kwa saa za Roma, na Kardinali Kevin Farrell, Kamerlengo, yaani msimamizi wa mambo ya Kanisa kiti cha Papa kikiwa wazi, alitangaza yapata masaa mawili baadaye, mbele ya kamera, kwa jina lake na cheo chake. Kifo cha Papa hutangazwa namna hiyo, hakitangazwi na picha yenye mshumaa na maandishi ya dhahabu.

Halafu kuna video. Mwezi uleule aliochaguliwa Papa Leo XIV, Mei 2025, ilizunguka video ndefu ikimwonyesha eti anamjibu Kapteni Ibrahim Traoré, kiongozi wa Burkina Faso. Sura yake, sauti kama yake, midomo inacheza. Ilikuwa imetengenezwa kwa akili unde, na Vatican News ikalazimika kutoa taarifa kuikanusha. Kabla ya hapo, Machi 2023, dunia nzima ilikuwa imedanganyika na picha ya Papa Fransisko akiwa na koti jeupe la baridi lililofura kama godoro. Ile ya koti ilichekesha. Ya Traoré haikuchekesha, kwa sababu ilitia maneno ya siasa ndani ya kinywa cha mtu mwingine, na walioisambaza kwetu walikuwa watu wazima wenye nia njema kabisa.

Kipimo ni rahisi. Hotuba ya kweli ya Papa ina siku, ina mahali na ina watu aliokuwa anaongea nao, na maandishi yake huwekwa kwenye tovuti ya Vatican. Jumatano kuna katekesi. Jumapili saa sita mchana ya Roma kuna sala ya Malaika wa Bwana. Muulize aliyekutumia: "Alisema wapi, siku gani, akiwaambia nani?" Akishindwa kukujibu, mwachie video yake.

Hatua ya tatu: ishike karatasi

Barua ya Kanisa ikipigwa picha ikazunguka, watu huangalia nembo tu. Nembo huibiwa kwa sekunde kumi. Mimi naanzia chini kwenda juu: muhuri, sahihi, jina kamili la aliyesaini na cheo chake, tarehe, kumbukumbu namba, na mwisho kabisa nembo. Kisha nahesabu kurasa. Ukurasa mmoja ulionyofolewa kwenye waraka wa kurasa nane unaweza kusema kinyume cha waraka mzima. Omba faili kamili, usikubali picha ya skrini.

Tarehe ndiyo inayotuumbua mara nyingi zaidi. Barua ni ya kweli, sahihi ni ya kweli, lakini ni ya mwaka juzi. Mtu ameikuta kwenye simu, ameguswa, ameisambaza. Nimewahi kuona watu wakibishana siku nzima kuhusu agizo ambalo askofu aliyelitoa alishastaafu.

Angalia pia barua imeandikwa kwa nani. Nyingine zinaanza "Waheshimiwa Mapadre". Hiyo si yako, hata kama ni ya kweli kuanzia nembo hadi muhuri. Aliyeivujisha ana shida zake, wewe usiongeze za kwako.

Ukibaki na shaka, piga simu ofisi ya parokia saa za kazi, au mwendee Baba Paroko baada ya Misa ya kwanza, kabla hajazungukwa. Swali liwe fupi: "Baba, barua hii imewafikia?" Usimwulize "unaionaje", hilo ni swali jingine na linataka kikombe cha chai.

Hatua ya nne: pesa zikitajwa, simama

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia.

Tapeli wa siku hizi anajua lugha yetu. Anasalimia kwa "Tumsifu Yesu Kristo". Anafungua akaunti yenye picha ya askofu, anaomba urafiki, siku ya tatu anaomba mchango wa watoto yatima au tiketi ya mseminari. Mwingine anajitambulisha kama sista wa shirika fulani aliyekwama kituo cha mabasi. Mwingine anakuja mwenyewe, na kola shingoni, anataka kuendesha mafungo ya uponyaji jumuiyani.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 imetuachia silaha ambazo waamini wengi hatujui kama tunazo. Kanuni ya 1265 inakataza mtu binafsi kuomba michango kwa ajili ya taasisi au kusudi lolote la Kanisa bila ruhusa ya maandishi, ya mkubwa wake na ya askofu wa mahali. Ya maandishi, si ya mdomo. Kanuni ya 903 inahusu padre asiyefahamika anayetaka kuadhimisha Misa: aonyeshe barua ya utambulisho isiyozidi mwaka mmoja, au msimamizi wa kanisa aridhike kwa busara kwamba hakuna kizuizi. Kanuni ya 300 inasema hakuna chama kinachoruhusiwa kujiita Katoliki bila idhini ya mamlaka ya Kanisa. Kwa hiyo "Huduma ya Kikatoliki ya Maombezi" yenye namba ya simu na isiyo na barua ya askofu ni jina tu.

Kwa vitendo: mgeni akitaka mchango jumuiyani, mwambie kwa upole, "Karibu sana, mtumishi. Tuonyeshe barua kutoka parokiani, nasi tutaisoma Jumamosi." Mkweli atatoa barua au atakwenda kuichukua. Tapeli atakasirika, na atakwambia imani yako ni haba.

Na unapotuma mchango halali kwa simu, usibonyeze namba ya siri kabla ya kusoma jina linalotokea. Mchango wa parokia uende kwenye namba ya malipo ya parokia iliyotangazwa kanisani. Kama jina lililotokea ni la mtu binafsi, katisha muamala, kisha uliza. Pesa ikishakwenda, kuirudisha ni safari ya kituo cha polisi na kurudi.

Hatua ya tano: jipangie vyanzo vya kila siku

Katibu anayesubiri habari zimfuate kwenye WhatsApp ataletewa takataka. Zifuate wewe, mara moja au mbili kwa siku, kwa mlango uleule.

Kwa habari za Papa na Kanisa duniani, Vatican News ina idhaa ya Kiswahili, yenye maandishi na sauti. Hii ni Radio Vatican ileile iliyofunguliwa na Papa Pius XI tarehe 12 Februari 1931, mitambo ikiwa imejengwa na Guglielmo Marconi. Kwa habari za ndani kuna TEC na vyombo vyake, gazeti la Kiongozi, Radio Maria Tanzania, Radio na TV Tumaini za Jimbo Kuu la Dar es Salaam, na redio za majimbo. Wazee wa jumuiya wasio na simu janja usiwasahau. Kwa wengi wao redio ndiyo intaneti, na mara nyingi wananiambia wao kabla sijafungua simu.

Masomo ya Misa ndiyo kitu kinachoombwa zaidi, na pia kinachokosewa zaidi kwenye grupu, kwa sababu mtu anasambaza ya mwaka mwingine. Kuna hesabu ndogo ya kujisaidia. Masomo ya Jumapili yana miaka mitatu, A, B na C. Mwaka unaogawanyika kwa tatu bila baki ni C, ambapo Injili kwa kawaida ni ya Luka. Ukibaki moja ni A, Mathayo. Zikibaki mbili ni B, Marko. Mwaka 2025 ulikuwa C. 2026 ni A. Siku za kawaida za juma, somo la kwanza hufuata Mwaka I kwa miaka witiri na Mwaka II kwa miaka shufwa. Kumbuka tu kwamba mwaka wa Kanisa hauanzi Januari, unaanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, kwa hiyo Desemba tayari uko mwaka unaofuata. Kila ifikapo Majilio kuna mtu anayetuletea masomo ya mwaka uliokwisha, na kila mwaka ni mtu tofauti.

Vitabu vya sala na novena: fungua kurasa za mwanzo, utafute neno *Imprimatur* pamoja na jina la askofu. Maana yake askofu ameruhusu kichapwe, na kanuni ya 826 inataka vitabu vya sala viwe na ruhusa hiyo. Kijitabu kisicho na jina la askofu, mchapaji wala mwaka, kinachoahidi kwamba ukisali siku tisa utapata kazi, kirudishe kwenye meza ulikokikuta. Vitabu vilivyochapwa Peramiho, Ndanda na Kipalapala vimetulea wengi wetu, na ukivifungua utaona jinsi ukurasa wa namna hiyo unavyopaswa kuwa.

Anayenunua Biblia kwa ajili ya mafundisho, mkumbushe ahesabu vitabu. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73. Njia ya haraka ni kumtafuta Tobiti kwenye orodha. Akiwemo, endelea kuangalia wenzake: Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo wawili. Asipokuwemo, hiyo ni Biblia ya vitabu 66, na mwanafunzi wako atakwama siku katekista atakaposoma Hekima.

Jumbe za "tuma kwa watu kumi na wawili, usiikate" sizitolei maelezo. Futa.

Hatua ya sita: vyeti

Hii si habari, lakini ndiyo msaada ambao watu humwomba katibu kuliko mwingine wowote, hasa vijana waliohamia mjini.

Cheti cha ubatizo hutolewa na parokia ulikobatizwa, si unakoishi sasa. Kanuni ya 535 inaiagiza kila parokia iwe na daftari la ubatizo, na pembeni ya jina lako yaandikwe mengine yanayokupata baadaye: kipaimara, ndoa, daraja takatifu, nadhiri za daima. Ndiyo maana unapotaka kufunga ndoa wanakutaka cheti kipya hata kama cha zamani unacho sandukuni, na ofisi nyingi hukitaka kiwe kimetolewa ndani ya miezi sita. Si urasimu. Cheti cha utotoni hakiwezi kusema kama umeshafunga ndoa mahali pengine, daftari linaweza.

Kabla ya kupiga simu au kumtuma ndugu, andaa jina la ubatizo, majina ya wazazi, jina la msimamizi kama unalikumbuka, kigango, mwaka, na ile namba inayoanza na LB kama kuna kadi au nakala ya zamani. Parokia nyingi zimegawanyika tangu tulipobatizwa. Kigango chako cha zamani huenda sasa ni parokia, lakini daftari la miaka yako limebaki kwa parokia mama. Uliza hilo kwanza, litakuokolea nauli.

Kuhusu ndoa, tangazo linalosomwa Jumapili tatu linasomwa ili lisikilizwe. Kanuni ya 1069 inamtaka kila mwamini anayejua kizuizi akiseme kabla ya ndoa, kwa paroko au kwa askofu. Grupu si mahali pake. Kanuni ya 220 inalinda jina jema la mtu, na ukimchafua bwana harusi kwenye grupu la watu mia mbili umeikanyaga, hata kama ulichosema ni kweli.

Hatua ya saba: andika tangazo lako

Nianze na kosa langu. Jumapili ya Matawi mwaka mmoja nilinakili ratiba iliyoandikwa kwa Kiingereza, nikaiweka kwenye grupu vilevile: "Misa 7:00, maandamano yataanzia kigangoni." Kwenye ratiba 7:00 ilikuwa saa moja asubuhi. Bibi mmoja wa jumuiya yetu alisomewa na mjukuu wake "saa saba". Alifika saa saba kasoro mchana, na kanga yake nzuri na tawi lake la mnazi, akakuta kanisa limefungwa na mlinzi anakula. Alinipigia simu, hakunigombeza. Aliniuliza tu kama Misa imeahirishwa. Tangu hapo naandika "saa 1:00 asubuhi", na neno asubuhi silifupishi.

Tangazo zuri lina jambo, siku pamoja na tarehe, saa kwa Kiswahili, mahali, na nani aulizwe. Siku bila tarehe inaleta balaa, maana "Jumamosi ijayo" ikisambazwa Ijumaa na ikasomwa Jumapili inakuwa Jumamosi nyingine. Weka chini kabisa imetoka wapi: "Chanzo: matangazo ya parokia, Jumapili tarehe fulani." Mstari huo mmoja umenipunguzia simu nusu.

Msiba una utaratibu wake. Usiandike jina la marehemu kabla familia haijakuambia uandike. Kuna mtoto yuko shuleni bweni, kuna kaka yuko Muscat, na si haki wapate habari kwa grupu la jumuiya. Mgonjwa vilevile: "Tumwombee mwanajumuiya mwenzetu" inatosha, Mungu anamjua kwa jina. Picha za mtu kitandani usiweke kabisa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kabla ya sheria hiyo mama zetu walijua kumfunika mgonjwa mgeni akipiga hodi. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inahusu anayesambaza taarifa za uongo mtandaoni akijua ni za uongo. Haitamwuliza mtu kama grupu lake lina jina la mtakatifu.

Ukikosea, sahihisha palepale ulipokosea, kwa maneno yanayoonekana: "Tangazo la jana lilikuwa na kosa. Sahihi ni hili." Kufuta kimyakimya hakusaidii, maana nakala imeshafika kanda nyingine. Siku ya ile habari ya askofu, aliyeileta aliifuta saa nne asubuhi. Saa nne usiku bado ilikuwa inarudi kwetu kutoka kwa jumuiya nyingine, ikiwa na ile mishale miwili ya ujumbe uliosambazwa mara nyingi, na mtu wa kwanza kuileta upya alikuwa mwenyekiti wetu.

Mwisho, weka daftari. La karatasi. Tarehe, tangazo, limetoka kwa nani, nimelipeleka saa ngapi. Namba ya ofisi ya parokia, siku na saa zake za kazi. Uchaguzi wa viongozi wa jumuiya ukifika na ukakabidhi kwa katibu mwingine, mpe daftari hilo na umfanye admini wa grupu kabla hujajiondoa. Mimi nilipopokea ukatibu, mtangulizi wangu alikuwa amebadili laini, na grupu la jumuiya lilikaa miezi miwili bila mtu anayeweza kumwondoa kijana aliyekuwa akiuza dawa za nguvu za kiume katikati ya novena.